Na viroba viwili hadi Makongeni

Tulitoka soko la Kongowea, Mombasa, mapema, mimi na mjomba, na viroba viwili vya nguo za watoto, mchango wa kikundi chetu cha Wamakonde cha Makongeni, Kwale, kwa waliokimbia vita kaskazini mwa Msumbiji. Tuktuk ikatuvusha Daraja la Nyali, ikakata mji hadi Feri. Pale Likoni mtu wa miguu halipi, lakini kwa msongamano ule wa asubuhi viroba ilibidi kuvibeba kichwani hadi ng'ambo.

Kwenye matatu, baada ya Ukunda, mjomba akaanza kunisimulia. Babu alitoka Mueda, Msumbiji, akaja Kwale kukata mkonge, kama Wamakonde wengi wa zama za mkoloni. Wakazaa, wakazika, na bado hawakuwa na kitambulisho. Bila kadi hiyo huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti, huandikishi kikundi. Oktoba 2016 wakashika njia kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, vitambulisho vikatolewa. Na Oktoba ya mwaka huohuo vita vikazuka Mocímboa da Praia, katika jimbo lilelile la Cabo Delgado alikotoka babu.

Ndiyo maana kikundi hiki kinanigusa sana. Sheria inataka wanachama wasiopungua kumi, na mjomba alikuwa mmoja wa kumi wa mwanzo.

"Kitambulisho changu, mwanangu, kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo," akaniambia.

Makongeni tulikuta mkeka umetandikwa chini ya mwembe na mama mweka hazina ana daftari lake. Salamu zikachukua muda, kisha ukaja ubishi: nguo zipelekwe, au ziuzwe? Wazee walitaka zifike zenyewe, wajukuu wa kule wazivae. Mama akawasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu, nauli ya mzigo mpaka Pemba ya Msumbiji itazidi bei ya nguo. Na mtoto mwenye njaa hali shati."

Mimi niliyevibeba niliunga mkono. Viroba viuzwe Ukunda.

Wakapanga pesa zianze kwa wenyeji wa Cabo Delgado waliowapokea wakimbizi majumbani mwao, kwa kuwa wengi waliokimbia hawako kambini, wamejazana kwa ndugu na jamaa ambao nao hawana akiba. Mama akaandika majina ya nyumba hizo, moja moja, mjomba akimtajia ukoo wa kila nyumba.