Siku ya kumwaga zege kwenye kiwanja cha helikopta, Moshi

Saa 12 asubuhi

Mlinzi ananifungulia geti, tunasalimiana, kisha tunageuka wote wawili kuutazama mlima Kilimanjaro. Kibo, kilele chake, iko wazi. Baada ya saa tatu hivi wingu litapanda na kuifunika, na ndiyo maana marubani wa huku hupenda kuruka asubuhi kama hii, mlima ukionekana na hewa ikiwa bado ya baridi. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, na ya mlimani ni nyepesi zaidi, mapanga ya helikopta yanakosa cha kushika. Kule kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, nyuzi chache za joto zinapunguza uzito ambao rubani anaweza kuinuka nao.

Mimi ni injinia wa saiti. Tunajenga kiwanja cha helikopta nje kidogo ya mji, na leo tunamalizia zege la jukwaa la kutulia.

Saa 12 na nusu

Natega levo, kifaa cha kupimia usawa, kabla vibarua hawajajaa. Jukwaa ni mita 15 kwa 15, na tumelisanifu kwa helikopta ya aina ya H125, ile ya injini moja, ambayo mapanga yakiwa yanazunguka ina urefu wa karibu mita 13 toka mbele hadi mkiani. Vipimo vingine vyote vinatokana na huo urefu. Eneo la kukaribia na kuinukia tumelipa mara moja na nusu yake, mita 20 kila upande, na kulizunguka kuna ukanda wa usalama ambao hauruhusiwi kusimama kitu.

Mteremko ndio ulioninyima usingizi. Kanuni za kimataifa za viwanja vya helikopta zinataka jukwaa lisizidi asilimia 2. Sisi tumeweka 1.5, maana yake ukingo wa chini uko sentimita 22 na nusu chini ya ule wa juu. Ukipunguza sana, mvua za masika zitaacha madimbwi. Ukizidisha, helikopta inakaa imeegemea upande. Nasoma levo mara mbili, namwita fundi mkuu naye asome. Tumeafikiana.

Saa 1 hadi saa 4

Tumeligawa jukwaa vipande vitatu vya mita 5 kwa 15. Viwili vya pembeni vilishakauka, leo ni cha katikati. Unene ni sentimita 20, kwa hiyo zege ni meta za ujazo 15, saruji mifuko 110 ya kilo 50. Mikorogeo miwili inanguruma, vijana wanakimbiza mikokoteni juu ya mbao.

Kila baada ya muda najaza ile koni ya chuma, nashindilia, nainyanyua na kupima zege limeshuka kiasi gani. Nataka milimita 75. Saa mbili na nusu limeshuka 130, limelala kama uji.

"Nani ameongeza maji?"

Kimya. Kisha kijana mmoja wa mkorogeo, ndiyo kwanza wiki yake ya pili, anasogea na ndoo bado mkononi. "Dada Injinia, samahani. Zege lilikuwa gumu, wenzangu wanalalamika halimwagiki."

Sikumfokea. Nilimpeleka kwenye kipande cha majaribio tulichokimwaga mwezi uliopita, kile kilichozidi maji, nikampa msumari akikwaruze. Uso ukatoka unga mweupe. Nikamwambia fikiria upepo wa mapanga unavyopuliza hapa. Huo unga unakuwa vumbi machoni mwa rubani wakati anatafuta ardhi, na kokoto zilizolegea zinarushwa kama risasi. Mkorogo ule tuliutupa wote. Yule kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniita kupima koni mpaka tukamaliza.

Saa 4 na nusu

Mtori wa mama ntilie, wa moto, na chapati mbili. Mlima umeshafunikwa.

Saa 5

Mafundi wanasawazisha kwa ubao mrefu, kisha zege likianza kushika tunalipitisha fagio gumu liwe na mikwaruzo, helikopta yenye miguu ya bomba isiteleze kukiwa na mvua. Najaza vyuma vya sampuli, vile vya pande sawa za milimita 150, vitakavyopondwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Rangi itakuja baadaye: herufi H nyeupe, na mstari mweupe wa sentimita 30 kulizunguka jukwaa.

Saa 8 mchana

Kwa Bibi, jirani wa kiwanja. Shamba lake liko upande wa mlimani, mita 200 kutoka ukingo wa kiwanja. Alfajiri upepo hushuka kutoka mlimani, na helikopta huinuka ikiukabili upepo, kwa hiyo itapita juu yake. Njia ya kuinukia tumeipimia mwinuko wa asilimia 4.5. Ukihesabu na mpando wa shamba, mstari unapita mita 7 juu ya ardhi pale uliposimama mgrivilea wake. Mti una mita 16.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na shoka?"

"Nimekuja kuongea."

Ananikalisha chini ya mti wenyewe. Aliupanda uwape kivuli kahawa, mwaka alioolewa. Ananionyesha masale yaliyopandwa mpakani, anasema hayo hata mkiniletea ndege kumi hayaguswi. Mchagga haling'oi isale la jirani, lilelile ndilo unalombebea mtu ukienda kumwomba radhi. Nikamhakikishia kwamba masale yatabaki. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye vikao:

"Hiyo ndege itambeba nani?"

Nilimweleza ukweli. Watalii, kwa sababu bima zao zinalipa. Kisha nikamsimulia habari za kaka yangu. Alikuwa mgumu, yaani mpagazi, alibeba mizigo ya wageni mlimani miaka mingi. Kambi ya Barafu alijaa maji kwenye mapafu, dawa yake kubwa ni kumshusha mtu haraka, na wenzake wakamshusha kwa machela ya gurudumu moja mpaka geti la Mweka, usiku, wakipokezana. Alipona, lakini hajapanda tena. Ndiyo maana nahangaikia barabara ya gari la wagonjwa. Kwenye ramani ipo, ila mwenye mradi aliisogeza kwenye awamu ya pili, akaanza na chumba cha kupumzikia wageni. Bila barabara hiyo, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya KCMC anashushwa hapa kisha anabebwa mikononi kuvuka nyasi.

Bibi alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema mti ukatwe, mbao zibaki zake, na kivuli cha kahawa atakipata kwenye migomba. "Lakini hiyo barabara uiweke," akasema.

"Aika, mae," nikamshukuru kwa Kichagga. Niliondoka na mkungu wa ndizi ambao sikuruhusiwa kuukataa.

Saa 10 jioni

Simu na mwenye mradi, dakika arobaini. Nilimweleza ya Bibi kama yalivyo. Nikamwambia pia kwamba mtambo wa kushindilia bado uko saiti hadi Ijumaa, ukiondoka kuurudisha ni gharama nyingine. Alisema atafikiri.

Saa 12 jioni

Zege limeshika. Nalibonyeza kwa dole gumba, halibonyei. Tunalitandikia magunia na kuyalowesha, na mlinzi atayamwagilia usiku. Yatabaki mabichi siku saba. Wingu limejivuta, Kibo imetokea tena na rangi ya waridi.

Simu inalia. Ujumbe wa mstari mmoja: "Niletee gharama za barabara kesho asubuhi."

Nimekaa juu ya mfuko wa mchanga, karatasi magotini. Mita 60 kwa 4, unene sentimita 15 baada ya kushindiliwa, ni meta za ujazo 36 za moramu iliyoshindiliwa, ya kuagiza itazidi hapo. Wenye malori huwa hawalali mapema, nimeshaanza kuwapigia.