Swali la Ami

Tangu Jumatano swali la Ami halijaniachia. Dada kaposwa, ripoti yangu ya msimu wa kusi imepokelewa, nami nipo nipo tu, narudia maneno ya mzee.

Alinipitia maabara twende kwa Bi Mkubwa. Sampuli ya asubuhi ilikuwa bado hai, nikamwambia, "Ami, hebu chungulia." Akavua kofia, akainama kwenye hadubini. Ndani ya tone alikuwamo kopepodi mmoja, kijidudu cha majini, urefu wake kama milimita 1, miguu ya mdomoni inatetemeka, maji yanamjia. Nikamweleza kwamba zamani wataalamu walidhani huyu anachuja tu chochote kinachopita. Mwaka 1981 watafiti Koehl na Strickler walitoa picha zao za kasi, ikaonekana kwamba kwa udogo wake maji ni mazito kama asali, wala hachuji. Chembe ya mwani ikikaribia anaihisi, anafungua miguu, anaidaka pamoja na maji kidogo yaliyoizunguka. Nyingine anazikataa.

Ami hakunyanyua kichwa kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, huyu umeshamjua anavyokula. Sisi tunaomla anayemla, utatujua lini?"

Nikamjibu ndiyo kazi yenyewe hiyo. Akasema, "Haya." Basi. Haya ile, kwa sauti ya chini, huku anavaa kofia, ndiyo iliyoniuma usiku kucha. Njia nzima tulizungumzia posa.

Jana alfajiri nilikwenda Mkokotoni dagaa wanaposhushwa. Kabla hawajatiwa kwenye maji ya chumvi yanayochemka, niliomba wachache nikawapasua. Matumbo yamejaa vipande vya miguu ileile. Nikasimama pale na kisu, moyo ukanifunguka. Tunaomla anayemla! Ami kajitia mwenyewe kwenye mnyororo, na mahali pake hasa. Mwani, kopepodi, dagaa, halafu yeye, na wale wanaonunua magunia kuyapeleka Kongo. Huyu mzee kavua gizani tangu enzi za karabai. Anajua kwamba taa ikiwashwa, wadudu wadogo ndio wanaotangulia kujazana, dagaa wanafuata nyuma yao. Mimi wavu wangu wa planktoni, yaani wa kunasia vijidudu hivi vinavyoelea, naushusha mchana, ilhali wengi wa wadudu hao hupanda juu usiku, na usiku huo ni wake yeye.

Giza la mwezi lijalo nataka kuingia chomboni mwake, akikubali. Nitashusha wavu wangu kabla taa haijawashwa na baada, na samaki watakaopatikana tutawapasua palepale, yeye akiangalia. Nataka na jina lake liandikwe kwenye kazi hiyo, si kule chini kwenye shukrani. Nimeshamwambia mkuu wangu, naye hakukataa.

Mdogo wetu wa Maskati hajapiga simu tangu Ijumaa. Bi Mkubwa ananiuliza kila baada ya sala, namwambia labda chaji. Ujumbe wangu wa mwisho una tiki moja tu.