Uzoefu wangu: Kuosha kwanza, kalibresheni baadaye, kwenye densimita ya bia

Densimita ya bia, yaani mashine inayopima densiti (uzito kwa ujazo), hupigwa kalibresheni (kurekebishwa namba zake) mara nyingi kuliko inavyohitaji, na huoshwa mara chache kuliko inavyohitaji. Ndani yake kuna mrija wa kioo uliopindwa kama herufi U, wenye ujazo wa karibu mililita 1, unaotetemeshwa kwa umeme huku joto likishikiliwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Kilichomo kikiwa kizito, mtetemo unapungua kasi, na mashine inageuza muda wa mtetemo mmoja kuwa densiti. Sasa utando wa protini ukigandamana ndani ya mrija, nao unapimwa pamoja na bia. Ukipiga kalibresheni siku hiyo, umeiambia mashine kwamba uchafu ule ni sehemu ya kioo. Siku utando utakapobanduka, matokeo yote yanashuka kwa pamoja, na lawama zinakwenda kwa watu wa kuchachusha.

Kwa hiyo asubuhi naanza kwa kupima hewa, halafu maji, na kalibresheni naigusa pale tu namba za viwili hivyo zinapokataa kukaa sawa hata baada ya kuosha.

Mrija mkavu na safi Dar es Salaam husoma karibu 0.0012 g/cm³. Nairobi, ambako kanieneo ya hewa iko kati ya hektopaskali 830 na 840 hivi, husoma karibu 0.0010, na hilo si kosa. Makosa huja pale mtu anapoingiza kwenye mashine kanieneo aliyoisoma kwenye programu ya hali ya hewa ya simu: ile kwa kawaida imeshasahihishwa iwe ya usawa wa bahari. Tumia barometa iliyomo maabarani. Hata hivyo kosa la hewa haliiumizi sana bia, kwa sababu densiti ya bia iko jirani kabisa na ya maji. Kosa la maji ndilo linaloingia lote zima kwenye jibu. Hewa mimi naichukulia kama kipimo cha usafi: ikipanda kwa 0.0001 juu ya kawaida yake, kuna unyevu au utando.

Ukanda wa pwani una shida yake. Hewa ya Dar wakati wa joto huanza kutoa umande ikipozwa hadi nyuzi 22 au zaidi, na mrija uko kwenye 20. Pampu ikivuta hewa hiyo kukausha mrija, inaulowesha. Unaweza kuendesha pampu nusu saa na namba ya hewa isitulie. Dawa yake ni chupa ya silika jeli kabla ya pampu. Jeli ya rangi ya chungwa ikibadilika rangi, ioke kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi 120 mpaka rangi irudi. Huku kwetu kazi hiyo huja haraka, kwa hiyo weka chupa mbili za kupokezana.

Maji yawe yaliyokenekwa, yachemshwe dakika kadhaa kutoa hewa iliyoyeyuka, kisha yapozwe kwenye chupa iliyojazwa hadi juu na kufungwa. Kwenye nyuzi 20 jibu ni 0.99820. Nakubali tofauti ya 0.00005 juu au chini. Maji ya bomba yenye miligramu 300 za chumvi kwa lita yanaongeza karibu 0.0002, yaani kosa tayari limeshavuka mpaka kabla hujaanza. Namba ikiwa chini na inachezacheza, tafuta povu kwenye kidirisha. Ikiwa juu na imetulia, osha.

Kuosha kuna mpangilio. Anza na sabuni ya maabara ya alkali yenye uvuguvugu, iache dakika 10. Protini ikigoma, tumia jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 3, dakika 5 hadi 10, usiiache ikalala humo. Jiwe la bia, ambalo ni kalsiamu oksaleti, halijali alkali. Linataka asidi hafifu ya fosforiki, na asidi ije baada ya alkali kwa sababu protini ndiyo inayolifunika jiwe. Kati ya kila dawa pitisha maji mengi. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na ethanoli hutoa klorofomu. Mwisho maji, ethanoli, halafu hewa kavu.

Kipimo cha alkoholi cha miale ya infraredi kinachokaa kando ya densimita kinasawazishwa kwa maji, kisha kwa mchanganyiko wa ethanoli. Mimi hupima kwa mizani: gramu 39.8 za ethanoli isiyo na maji, kisha maji mpaka jumla ifike gramu 1000.0. Hiyo ni asilimia 5.0 kwa ujazo, na densimita iisome 0.99106, kwa hiyo mchanganyiko unajikagua wenyewe. Ukitumia ethanoli ya asilimia 96 bila kurekebisha, utapata karibu 4.7, hesabu sahihi ni gramu 42.4. Chupa ya ethanoli iliyofunguliwa zamani pwani imeshanyonya unyevu, usiiamini.

Bia yenyewe ifike nyuzi 20 kabla ya kutoa gesi, maana bia baridi hung'ang'ania gesi yake. Tikisa kwenye chupa ya koni, ukifungua na kufunga, mpaka isipumue tena. Usiimimine glasi hadi glasi, alkoholi inapotea hewani. Chuja kwa karatasi iliyokunjwa, faneli ikifunikwa kwa kioo cha saa (kisahani cha kioo cha maabara), na mwaga mililita 20 za mwanzo. Sukuma sirinji polepole, angalau mililita 10, na iache imekaa kwenye mdomo wa mrija hadi kipimo kiishe: ukiichomoa mapema, sampuli inarudi nyuma na kuvuta povu. Povu la mikrolita 1 tu linaweza kushusha densiti kwa 0.001, ambayo ni kama robo ya digrii Plato, kipimo cha watengeneza bia cha sukari iliyoyeyuka.