Sitaki Kuungwa Mkono, Nataka Kusomwa

Nakala iliyouzwa ghali kuliko zote ya riwaya yangu iko juu ya kabati la televisheni la mzee mmoja wa kanisa letu hapa Busia. Imefunikwa kitambaa cha kufuma. Haijasomwa hata ukurasa. Najua, kwa sababu ilitoka kwa mchapaji ikiwa na karatasi mbili za katikati zilizoshikana pembeni kwa kutokatwa vizuri, na nilipomtembelea mzee juzi zilikuwa bado zimeshikana vilevile.

Ilifika pale kwa mnada. Wanaosali Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana wa huku, wanaujua. Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, watu wanatoka nje wanakusanyika kivulini, na mtu mwenye koo zuri anaanza kuinua kimoja kimoja vitu vilivyoletwa madhabahuni: mkungu wa matoke, trei ya mayai, miwa, jogoo. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na watu watano, kila mmoja akilipa na kumrudisha auzwe tena, maana kinachotafutwa ni hela ya ujenzi na jogoo ni kisingizio tu. Mwaka riwaya ilipotoka, nami nikapeleka nakala yangu kama malimbuko. Dalali akaiinua. "Huyu ni binti yetu, amejitahidi, tumuunge mkono!" Ikaanzia shilingi 20,000 za Uganda, ambayo ndiyo bei yangu dukani, ikapanda hadi 300,000. Vigelegele. Mzee akapigwa picha ameishika, na kwenye ile picha jalada liko kichwa chini.

Simlaumu mzee, na saruji iliyonunuliwa ilikuwa saruji halali. Ila pale ndipo nilipoona wazi jambo lililokuwa linanisumbua tangu nianze kuandika. Kanisani kwetu kununua kitabu cha mwenzako ni mchango. Unatoa, unaandikwa kwenye daftari, unaombewa baraka, umemaliza. Hakuna anayetarajia kwamba baadaye utaketi na kukisoma, kama ambavyo hakuna anayemuuliza mchangiaji wa harusi kama aliila keki.

Walio wachache, wale wanaosoma kweli, wana swali lao. "Dada, haya yalitokea?" Nikisema nimetunga, uso unashuka. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliniambia kwa upole kabisa, "Basi ungetuambia mapema, nimemlilia mtu ambaye hayupo."

Ninaelewa linakotoka. Sisi ni wajukuu wa uamsho wa Afrika Mashariki. Moto ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na Kigezi miaka ya 1930 ndio uliotufundisha Wakristo wa huku namna ya kusimulia maisha: unasimama, unataja dhambi kwa jina lake, unasema Bwana alikukuta wapi, na watu wanaitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa sifa wa uamsho. Nimekulia humo. Baba alikuwa askari polisi, na kambini tulizungumza Kiswahili kwa sababu jirani wa kulia alitoka Arua, wa kushoto Soroti, na wa mbele Kitgum. Jioni za ushirika nilikaa mkekani miguuni pa mama nikisikiliza watu wazima wakitaja mambo ambayo leo nisingethubutu kuyaandika.

Lakini ushuhuda una kanuni yake: anayeutoa ameshafika. Tangu neno la kwanza unajua ataokoka, kwa kuwa ndiye huyo amesimama mbele yako, amechana nywele, ameshika Biblia. Hata akisema alilala mtaroni, wewe msikilizaji hupati baridi. Riwaya haikupi dhamana hiyo. Inakutaka ulale naye mtaroni pasipo kujua kama kutakucha. Ndiyo maana naiandika, na ndiyo maana baadhi ya ndugu zangu walokole, watu wa uamsho, wanaitilia shaka. Wanahofia kwamba mtu atabaki mle ndani.

Riwaya yenyewe inatokea hapahapa mpakani, kuanzia 1976 hadi 1979. Julai 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazil na bei ya kahawa duniani ikapaa. Kwetu mkulima alilipwa na bodi ya serikali hela isiyonunua sabuni, na sabuni yenyewe haikuwepo madukani. Ng'ambo, Kenya, gunia lilelile lilikuwa utajiri. Basi kahawa ikawa inavuka usiku, huku kwetu na hasa kule Chepkube, chini ya Mlima Elgon. Rais Idi Amin alikuwa ameshaweka mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na magendo yangeweza kukutoa roho. Watu walivusha tu. Walivusha waliobatizwa na wasiobatizwa.

Mhusika wangu, Nafula, ni mjane na ndiye kiongozi wa kwaya. Anavusha kahawa na fungu la kumi analitoa bila kupunguza. Mabati 48 ya kanisa lao yametokana na kahawa hiyo, na kasisi hajawahi kuuliza. Kisha uamsho unamkuta. Sasa, walokole wa zamani walikuwa na jambo moja lisilo na mzaha: kurudisha. Mtu akiokoka alibeba jembe aliloiba zamani, akaenda kugonga mlango wa mwenyewe mchana watu wakiona. Nafula arudishe nini, na kwa nani? Kwa bodi iliyokuwa ikimpunja mkulima? Kwa serikali ambayo tarehe 16 Februari 1977 ilimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, kisha ikatangaza kwamba ni ajali ya gari? Luwum mwenyewe alikuwa mtoto wa uamsho huuhuu; aliokoka 1948. Na Septemba ya mwaka huohuo wa 1977 Amin akapiga marufuku makundi 27 ya dini, hivyo katika kitabu wapentekoste wa mtaa wa pili wanakuja kusali kwa siri katika stoo ya Nafula, juu ya magunia ya magendo. Mchungaji wao anajua amekalia nini.

Yashushwe mabati, au yabaki? Nimekaa na swali hilo kurasa zaidi ya mia mbili. Watu wanaliuliza hata leo kwa namna nyingine. Tazama tu nani anaalikwa kuwa mgeni wa heshima siku ya kuchangia jengo.

Kabla ya kuchapa nilimpa mchungaji mmoja muswada, kwa heshima na pia kwa hesabu, maana bila neno lake hakuna kutangaziwa kitabu kanisani. Alisoma chote, Mungu ambariki, akaweka alama kwa kalamu nyekundu. Alitaka Nafula aokoke sura ya tatu badala ya ya kumi na moja. Alitaka waragi, ile pombe kali, uondoke. Na yule ofisa wa forodha anayeingia kwa Nafula usiku, alitaka aingie mchana na amkute na watu.

"Watoto watasoma haya, binti yangu."

"Baba, watoto wana Waamuzi 19 nyumbani."

Alicheka, maana sura hiyo ya Biblia ina ubakaji na maiti iliyokatwa vipande. Akanyamaza kidogo. Akasema waragi ubaki. Kuhusu sura ya tatu hatukukubaliana mpaka leo, na tangazo la kanisani nilipata la nusu: alisema kitabu kipo, hakusema kinunuliwe. Nimekuja kuona kwamba lilikuwa tangazo bora kuliko ningelipata angenisifia. Mchungaji akisita, vijana wanataka kujua kuna nini.

Kuna mambo ninayoyashika ninapoandika, siyo sheria za mtu mwingine. Mstari wa Biblia ukitaka kuingia, naupa kinywa kisichoustahili. Yule ofisa wa forodha ndiye anayemkariria Nafula Warumi 13, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu," huku mkono wake mwingine ukipokea bahasha. Msomaji anayeijua Biblia anatetemeka pale bila mimi kuhubiri. Maombi nayaandika mafupi, na hayajibiwi kwenye ukurasa uleule. Na muujiza, kama lazima uwepo, nauweka mapema, uje na matatizo yake. Nimesoma hadithi nyingi sana za kikristo ambazo mgonjwa anapona ukurasa wa mwisho kwa sababu mwandishi alichoka.

Marekani jambo hili la riwaya za kikristo lina soko lake kamili, lina rafu zake na wachapishaji wake, hata tuzo yake, ya Christy, na msomaji akichukua kitabu cha rafu ile anajua hatakutana na tusi. Hapa kwetu rafu hiyo haipo. Duka moja la vitabu liliiweka riwaya yangu kati ya miongozo ya maombi na vitabu vya kufunga siku arobaini. Mteja akairudisha akilalamika kwamba haina maelekezo.

Na kwa nini Kiswahili, Uganda? Naulizwa sana Kampala, kwa sauti ya kunihurumia. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kwa wazee wengi bado ni sauti ya askari anayegonga mlango usiku. Sikatai, nimekulia na hao askari. Nafula anasali kwa Kisamia, anauza kwa Kiswahili, na anahojiwa kwa Kiswahili. Ningemweka kwa lugha nyingine ningempoteza. Isitoshe, wasomaji wangu wapo: polisi na wanajeshi, madereva wa malori wanaosubiri foleni mpakani, watu wa Arua na Kasese, na ndugu zetu Wakongomani wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka wanaomwabudu Mungu kwa Kiswahili mchana na usiku na hawana kitu cha kusoma baada ya Biblia na kitabu cha nyimbo.

Kuwafikia ndiyo kazi. Mshauri mmoja wa mambo ya mauzo, kijana mzuri, alinishauri nifungue ukurasa wa Facebook. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021. Anayeiingia anazunguka kwa VPN, na mama wa kuuza dagaa hana bando la kuzungukia. WhatsApp ndiyo inayofanya kazi. Kila Jumatano jioni nasoma kipande kwa sauti yangu, si zaidi ya dakika saba, nakatia pale panapouma, natuma. Wanawake wanasikiliza wakichambua maharage. Sauti inasafiri, mmoja anamtumia dada yake Bungoma, dada anamtumia shemeji Kisumu, na Jumamosi mtu nisiyemjua anavuka mpaka kuja kuuliza Nafula alikamatwa au hakukamatwa. Huyo haulizi tena kama yalitokea.

Mwishoni mwa Mei mahujaji kutoka Kenya hupita hapa kwa miguu kuelekea Namugongo, karibu na Kampala, kwa ajili ya sikukuu ya mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Usimuuzie kitabu mtu anayetembea hadi Kampala. Kila gramu anaibeba mgongoni. Mimi nawapa maji na karatasi moja iliyokunjwa: kurasa mbili za mwanzo, na jina la duka langu. Wanaisoma wakipumzika. Wakirudi, wengi kwa basi, baadhi wanashuka.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote ni vikundi vya akiba. Wanawake wanakutana, na kabla sanduku halijafunguliwa na hela kuhesabiwa, yule aliyesoma zaidi anawasomea sura moja wenzake. Nakala moja, kikundi kizima. Kimauzo ni hasara tupu, na mume wangu, ambaye ndiye anayeshika daftari la duka, amenionyesha hasara hiyo kwa mistari. Sawa. Juzi kikundi kimoja kiligawanyika juu ya mabati. Mweka hazina alisema yashushwe yote, hata mvua ikinyesha juu ya meza ya Bwana. Mwenyekiti akasema mabati hayana dhambi, na mvua hainyeshei kahawa, inanyeshea watoto. Walibishana mpaka wakasahau kufungua sanduku. Kasisi wao alinipigia simu kulalamika. Nilimwambia nitamtumia nakala ajionee mwenyewe, na nikamtumia, na wiki iliyofuata akapiga tena. Yeye yuko upande wa mweka hazina.

Mnadani sipeleki kitabu tena. Mavuno yakifika napeleka mahindi kama wengine. Rafiki zangu waandishi wananiambia nimechezea hela, na ni kweli 300,000 siyo pesa ya kuokota, hasa ukikumbuka bei ya karatasi Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Mimi nimeweka utaratibu mwingine: unachukua kitabu bure, unasoma sura nne za kwanza, ukitaka kuendelea unalipa, usipotaka unarudisha. Wapo waliorudisha. Mmoja aliniambia Nafula anamchosha na hawezi kumvumilia sura nyingine, tukaongea saa nzima, nikapenda mazungumzo yale kuliko pongezi nyingi nilizopata.

Chapa ya pili imeshafika. Nakala ziko dukani kwangu Sofia, hapa Busia, ndani, baada ya madaftari na kalamu, bei ni ileile 20,000. Anayetaka mpango wa sura nne aje na jina lake na la anakosali. Na usinilipe siku hiyohiyo kwa huruma. Nitakuuliza sura ya nne iliishaje.