Mama mdogo kaniuliza kwa nini nalipa hela ili nilale chini

Jana nimetoka shifti ya usiku nimechoka, nafungua simu nakuta voisi ya mama mdogo ya dakika tatu kwenye grupu la familia. Kisa ni picha. Binti yangu alinipiga nikiwa nimejilaza sebuleni juu ya kigodoro changu kipya cha kambi nakijaribu, boksi liko pembeni na stika ya bei haijabanduliwa, sasa jana kairusha kwenye grupu bila kuwaza. Dola 200 na ushee. Binamu mmoja kafanya hesabu ya kuigeuza kuwa hela ya nyumbani kaiweka pale kila mtu aione, wengine wakaweka vile vikatuni vya kushika kichwa, halafu ndo mama mdogo akarekodi. Hakunitukana, mama mdogo hana hiyo tabia, ila maneno yake nimelala nayo: "Mwanangu, yaani unalipa hela zote hizo ili ulale chini? Si tulikusomesha ili utoke hapo chini?"

Nimeshindwa kumjibu pale maana jibu ni refu, na kuna wadau humu kila wiki wananiuliza wakija huku ughaibuni wabebe nini wanunue nini, kwa hiyo acha niandike.

Mwaka wangu wa kwanza huku, Oktoba, watu wa kazini waliandaa safari ya kulala porini siku mbili. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa yule mtu ambaye Jumatatu hana cha kuchangia wenzake wakipiga stori za wikendi. Hema niliazima. Hela yangu niliiweka kwenye begi la kulalia, zito, limeandikwa linafaa mpaka nyuzi 5 chini ya sifuri, na chini nikabeba lile godoro la hewa la kulaza wageni, nene mpaka karibu na goti, nikajua hapo nimemaliza kazi, baridi itanikuta wapi.

Usiku ule ilishuka mpaka nyuzi 3 tu. Hata haikuganda. Saa mbili za kwanza nililala vizuri kabisa, halafu nikashtuka kama saa saba usiku natetemeka, na kilichonishangaza ni kwamba kifua kina joto, miguu haina shida, ila mgongo, nyonga na mabega ni baridi tupu. Nikavaa koti ndani ya begi, wapi. Nikageuka ubavu, ubavu ukaanza. Nikaingiza mkono kati ya begi na godoro, jamani, ni kama nimeweka kiganja ndani ya friji, lile plastiki limelowa umande na lina ubaridi ambao unakula mpaka kwenye mfupa. Pumzi yangu naiona kwenye mwanga wa tochi. Nikakaa kitako nakumbatia magoti nasubiri kuche, na kukucha bado masaa matano.

Sasa kuna mama mmoja tulikuwa tunafanya naye kazi, mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi. Miezi nane tunapishana kwenye korido hajawahi kuzidisha kutikisa kichwa. Mimi nilishamuweka kwenye fungu la wale wasiotutaka, nilikuwa na uhakika kabisa, na nilikuwa nimeshawasimulia watu nyumbani kuhusu yeye. Ndiye aliyeamka kwenda msalani akaona tochi yangu inawaka. Akauliza kwa nje kama niko sawa. Nikasema niko sawa, si unajua sisi. Akanyamaza kidogo, akaondoka, akarudi na kile kigodoro cha sponji ngumu kinachokunjwa kunjwa, upande mmoja kina rangi ya fedha, akaingia nusu mwili kwenye hema akakitandika juu ya godoro langu upande wa fedha ukiangalia juu, akaniambia lala. Nikamuuliza yeye atalalia nini, akasema ana kingine, alikuwa anavitandika viwili pamoja. Ndani ya dakika kumi kutetemeka kumeisha. Nililala mpaka kumi na mbili na nusu asubuhi.

Asubuhi nikamrudishia kimekunjwa vizuri na asante juu, akakikataa, akasema kaa nacho. Halafu akanipa somo ambalo duka zima halikunipa: hela yako yote umeiweka juu, baridi yako iko chini.

Na ni kweli, fikiria mwenyewe. Begi la kulalia linatunza joto kwa sababu manyoya au pamba ya ndani imefura na imeshika hewa. Ukishalilalia, ile ya chini ya mgongo wako inakandamizwa inakuwa nyembamba kama shuka, hewa imetoka, kinga imekufa. Kwa hiyo chini una kigodoro peke yake basi. Na ardhi haina huruma, haipati joto ikakuachia kama hewa ya ndani ya hema, yenyewe inavuta tu usiku kucha. Lile godoro langu nene lilikuwa na hewa tupu ndani, hakuna kitu cha kuituliza, hiyo hewa inazunguka inabeba joto langu inalipeleka kwenye udongo, unene wote ule haukunisaidia chochote. Na zile nyuzi zilizoandikwa kwenye begi, hili wengi hawalijui, kwenye kipimo cha kimataifa zinapimwa kwa sanamu la mtu lililolazwa juu ya kigodoro chenye kinga. Ukilalia ardhi tupu au hewa tupu ile namba haikuhusu tena.

Kinachopima kigodoro kinaitwa R. Ukubwa wa namba ndo uwezo wa kuzuia joto lisikimbie. Zamani kila kampuni ilijipimia inavyojua, mpaka mwaka 2018 ulipotoka utaratibu mmoja wa shirika la viwango la ASTM unaoitwa F3340, kigodoro kinabanwa kati ya bamba la moto na bamba la baridi halafu wanapima umeme unaohitajika kulitunza lile bamba la moto. Tangu kampuni kubwa zilipoufuata ndo unaweza kulinganisha hii na ile bila kudanganywa. Kwa hiyo ukikuta mtandaoni kigodoro cha bei ya kutupa wameandika R kubwa lakini hawataji hicho kipimo, mimi ningeacha. Chini ya 2 ni kwa usiku wa joto. 2 mpaka 4 unalala misimu ile ya katikati, kati ya joto na theluji. Kuanzia 5 kwenda juu ndo unaongelea theluji. Na uzuri wake zinajumlishwa, sponji ya 2 ukiweka na ya hewa ya 4 umepata 6, ndo maana yule mama alikuwa na viwili.

Miaka miwili nililalia ile sponji yake. Sponji haina mambo, haipati pancha, unaitupa hata juu ya mawe, hata ikitoboka inabaki sponji. Ila ni sentimita mbili tu, na mimi nalala ubavu, nyonga inagonga chini, na kwenye usiku wa kuganda R ya 2 hata ufanye nini haitoshi. Kwa hiyo Septemba nikavunja kibubu nikachukua hiki kigodoro cha hewa, Therm-a-Rest NeoAir XTherm NXT. R yake 7.3, unene sentimita 7.6, uzito kama gramu 440, yaani ukikikunja ni kama chupa ya maji ya lita moja. Ile sponji ya kukunja ya kampuni hiyohiyo inakaribiana nayo uzito, gramu 410, kwa robo ya bei. Hapo ndo utaelewa hela inaenda wapi. Hulipii ulaini. Unalipia joto kwa uzito mdogo: ndani kuna vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa tabaka kwa tabaka hewa isizunguke, na karatasi nyembamba za rangi ya fedha zinazorudisha joto la mwili lilikotoka.

Nimekilalia usiku sita mpaka sasa, wa baridi kuliko wote ulifika nyuzi 8 chini ya sifuri, begi ni lilelile la mwaka wa kwanza ambalo kwa namba zake lilikuwa limeshapitwa, nikaongeza sweta na kofia basi. Mgongo ulikuwa na joto. Sijui niwaelezeje watu ambao hawajawahi kuamshwa na mgongo, lakini nilifumbua macho kukiwa kumekucha nikabaki nimelala kwa raha tu nasikiliza ndege.

Sitawaficha na mabaya yake. Ukigeuka kinalia kama mfuko wa plastiki, sio sana kama vile vya zamani lakini mwenye usingizi mwepesi hemani atakisikia. Usiku hewa ikipoa inasinyaa, unaamka kimelegea unadhani kimetoboka kumbe ni baridi tu, unaongeza pumzi mbili tatu. Ila usizoee kujaza kwa mdomo, tumia kile kimfuko cha kupulizia, maana pumzi ina unyevu na unyevu ukikaa ndani unaleta ukungu. Usikiache kimejaa juani, hewa inatanuka zile kuta za ndani zinaachia na hapo kinavimba kama kibofu na hakuna kiraka cha kuponya hilo. Nyumbani kihifadhi kimekunjuliwa na vali wazi. Na pancha ipo, ndugu zangu, hii ndo hofu yangu kubwa, mwiba mmoja tu na dola 200 zimelala chini pamoja na wewe, kwa hiyo kila safari nasafisha pale kwa viganja kabla ya kutandika, na ile sponji ya yule mama naiweka chini yake. Kikitoboka unapaka povu la sabuni unatafuta tundu kama fundi pancha, unakausha, unafuta na spiriti, unabandika kiraka. Ni kazi ya nusu saa mchana, usiku wa baridi ni balaa.

Sasa kwa mnaotaka kuja. Usije ukashuka ndege ukakimbilia kununua hiki. Kama utalala nje mara moja kwa mwaka wakati wa joto, nunua sponji, hela iliyobaki ina kazi nyingine na sote tunazijua. Kama unaenda na gari na hubebi mgongoni, vipo vizito vya sponji inayojijaza hewa vyenye R kubwa kwa hela ndogo zaidi, uzito utakuhusu nini. Cha bei kama changu kinastahili kwa mtu anayebeba mzigo wake kwa miguu na analala kwenye ardhi ya baridi usiku kadhaa kila mwaka, au mtu ambaye baridi inamuumiza kuliko wenzake, na mimi nimo kwenye makundi yote mawili. Vya mtumba vipo pia, ila kijaze mbele ya muuzaji, kilalie robo saa, kama hataki uondoke zako. Na wakikualika, nenda. Azima vitu lakini nenda, utawajua watu ambao korido haitakuonyesha kamwe.

Kuna kijana kafika mwezi uliopita, kapata chumba cha chini ya nyumba, sakafu ya zege, hana kitanda. Kila mtu akampelekea blanketi. Ana blanketi tano. Nikaenda kumsalimia nikamkuta kajikunja juu ya zulia jembamba, macho mekundu, nikamuuliza baridi inakushika wapi, akasema kaka mgongo. Sikurudi nyumbani kukaa, nilizunguka nikamletea kigodoro changu, kalala nacho usiku tisa mpaka kitanda kilipopatikana. Wife alisema wewe si unaogopa kisitoboke, nikamwambia kitobolewe.

Maana hapo ndo penyewe, na hili mama mdogo halijui. Mimi wiki sita za kwanza huku nililala chini. Kwenye zege, chumba kama hichohicho, blanketi tatu juu na taulo chini, na kila Jumapili nilikuwa napiga simu nasema nimefika salama, pazuri, kuna hita, nalala vizuri. Nilikuwa naamka saa nane usiku najipaka maji ya moto mgongoni kwa kitambaa niweze kwenda kazini. Nikaendelea kuongeza vitu vya juu kwa sababu hakuna aliyeniambia. Kwa hiyo anaposema tulikusomesha utoke chini, mama, chini nilishalala, na bure kabisa, hakuna aliyenichaji. Hizi dola 200 nimezilipa mgongo wangu usirudi kule.

Sijamlaumu. Angejuaje na mimi ndiye niliyemficha. Leo ni off, nikiamka vizuri nitampigia yeye mwenyewe, sio kwenye grupu, shikamoo kwanza, halafu nitamsimulia zile wiki sita.