Anza na daftari la mahudhurio
Mara nyingi msichana haachi shule kwa siku moja. Huanza kukosa siku tatu nne kila mwezi, mwishowe linabaki jina tu daftarini. Jumla ya mwezi huficha hilo, kwa hiyo pitia tarehe alizokosa kila mmoja. Zikijirudia kila baada ya wiki nne hivi, huenda ni hedhi; kagua choo kabla ya kumwita mzazi: mlango una komeo kwa ndani? Maji yapo? Pa kutupia pedi je?

Lakini choo si kikwazo pekee: Afghanistan, ambako wasichana wamezuiwa kusoma sekondari tangu 2021, komeo halisaidii kitu. Tanzania iliwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni Novemba 2021, ila anayerudi bado anahitaji mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo, na nafasi ya kunyonyesha.