Mikono Mirefu

"Dada, hii nikuwekee mikono mirefu, eh?"

Hivyo tu. Wiki ya pili hii na bado naisikia. Fundi alikuwa ananipima, alipofika kiwikoni tepu ikasita, sauti ikashuka, macho akayahamishia kwenye cherehani. Nikamjibu "weka tu" upesi upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Sare ya ukoo mzima mikono mifupi, ya kwangu mirefu.

Angenicheka ningemjibu. Huruma ndiyo sina jibu lake.

Na ningemwambiaje? "Najichubua"? Angedhani mkorogo. Daktari niliyemwona Machi alisema hata madaktari wenyewe wamechelewa: mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili uliutambua huu wa kujichubua ngozi kwa kucha kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, ule wa Shirika la Afya Duniani ukaanza kutumika 2022, na kote umewekwa ukoo mmoja na wanaojing'oa nywele. Mama yeye anasema ni kucha ndefu. "Si uache tu, mwanangu." Kana kwamba huwa naamua! Kidole gumba kinapapasa chenyewe, kinakuta kaukingo ka kigaga, nikija kushtuka taarifa ya habari imekwisha na kanga ina damu.

Zoezi nililopewa ni kukunja ngumi dakika nzima mkono ukianza safari. Sasa nakumbuka: kabla ya yote fundi alisema, "Legeza mkono, dada." Kumbe nilikuwa nimekunja.

Sendofu ya mdogo wangu imepita salama, Baba kalia, ofisini nimethibitishwa, tuyaache. Nataka kusema habari ya kifungo. Mwisho wa kila mkono fundi alishona kifungo kikubwa cha mbao, sikumwagiza. Hotuba zote vidole vyangu vilikuwa vinakizungusha kile cha kushoto, mpaka ndafu inaingia kikanyofoka. Nimerudi nyumbani na kifungo kwenye pochi, kidonda kipya hakuna hata kimoja. Nilicheka peke yangu bafuni.

Alikusudia, au ndio mtindo wake? Kesho napeleka gauni likashonwe, na nitachungulia za wateja wengine pale ukutani.

Baba kaondoka na basi la saa kumi na mbili kurudi Korogwe. Hii saa tisa alasiri, simu haipatikani. Chaja yake iko hapa mezani.